Kutoka boriti ya Lamu hadi karatasi ya utafiti: mwongozo kamili wa kuingia kwenye mekanika ya yabisi kwa kompyuta

Ingia nyumba yoyote ya mawe katika Mji wa Kale wa Lamu, keti kwenye msana, kisha inua uso utazame dari. Utaona boriti za mikoko zimepangwa kwa karibu, juu yake mawe membamba ya matumbawe, na juu ya hayo tabaka nene la kokoto na chokaa. Chumba ni kirefu, lakini upana wake kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi. Upana huo umeamuliwa na boriti. Mjenzi aliyetaka chumba kipana zaidi alijua dari ingemlegea, na alijua bila kuandika hesabu hata moja. Hesabu hiyo, ile ya kitu kigumu kinapobebeshwa mzigo, kinapinda kiasi gani na kitavunjika lini, ndiyo mekanika ya yabisi. Ukiipigia hesabu kwa kompyuta, umeingia kwenye fani inayoajiri watu katika ndege, mitambo ya upepo, bandari, mifupa ya bandia na majengo ya kale.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo cha ufundi au wa mwaka wa kwanza na wa pili wa uhandisi, au mwalimu wa fizikia, aliyeko Lamu, Malindi au kisiwa chochote cha jirani, mwenye kompyuta ya kawaida (RAM ya GB 8 yatosha) na bando la intaneti la kubania. Miongozo mingi ya fani hii huanza na programu. Mimi naanza na kamba na dumu la maji. Atakayeanza na programu atapata picha za rangi nyekundu na buluu ndani ya wiki moja, na hatajua kama picha hizo zinasema kweli.

Hatua ya 1: Hesabu za kuanzia

Huhitaji kuzijua hesabu zote ndipo uanze. Unahitaji aljebra ya sekondari, vekta, matriki, na kalkulasi kiasi cha kuelewa kwamba mteremko wa mstari ni badiliko gawanya kwa badiliko. Mengine utayachukua njiani.

Shika mawazo matatu tu, maana fani nzima imesimama juu yake. La kwanza ni usawa wa kani: kitu kilichotulia, kila kani inayokisukuma ina nyingine inayoizuia. La pili ni umbo: kitu kikipinda, vipande vyake vya jirani lazima vibaki vimeshikana. La tatu ni tabia ya maada yenyewe: mti, chuma na jiwe havinyumbuki sawa. Robert Hooke alichapisha kanuni ya uwiano wa kani na mnyumbuko mwaka 1678. Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa akaleta dhana ya mkazo, yaani kani kwa kila eneo, mwaka 1822. Kuanzia hapo kazi kubwa imekuwa kuyatatua mawazo hayo matatu kwa pamoja.

Hatua ya 2: Pima kitu kilicho mbele yako

Omba ruhusa ya mwenye nyumba. Usimwambie unakuja kukagua kama dari yake itaanguka; mwambie unajifunza, na unataka kupima boriti moja. Chukua tepu, kamba nyembamba ya uvuvi, daftari na kalipa ya fundi (kifaa cha kubana kitu na kusoma unene wake).

Andika urefu wa boriti kutoka uso wa ukuta hadi uso wa ukuta, kipenyo chake mahali patatu (boriti ni mti, upande wa shina ni mnene), umbali wa katikati ya boriti hadi katikati ya jirani yake, na unene wa dari ukiweza kuuona penye ngazi au penye tundu. Vuta kamba ikaze kutoka mwisho hadi mwisho chini ya boriti, upime pengo la katikati. Hilo pengo ndilo mpindo. Kama boriti imechongwa mraba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za watu waliokuwa na uwezo, pima pande zake mbili.

Andika pia vitu visivyo na namba: alama za mchwa, rangi iliyobambuka, mahali maji ya mvua yanapopenya. Siku moja vitakuwa na thamani kuliko namba zako zote.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa mkono kwanza

Tuchukue mfano wa kubuni lakini wa kawaida. Boriti ina kipenyo cha milimita 120, upana wa chumba ni mita 2.6, boriti zimeachana sentimita 40 katikati kwa katikati, dari ina unene wa sentimita 30. Kokoto na chokaa tuzikadirie kilo 1,800 kwa mita ya ujazo. Uzito wa dari ni 0.3 × 1,800 × 9.81, karibu kilonyutoni 5.3 kwa kila mita ya mraba. Ongeza 1.5 kwa watu na vyombo, upate 6.8. Kila boriti inabeba upana wa mita 0.4, kwa hiyo mzigo wake ni kilonyutoni 2.7 kwa kila mita ya urefu.

Kama ncha zimelazwa tu juu ya ukuta, momenti ya kupinda (nguvu ya mzigo ya kuipinda boriti) katikati ni wL²/8, ambapo w ni mzigo kwa mita na L ni upana wa chumba, yaani 2.7 × 2.6² ÷ 8, sawa na kilonyutoni-mita 2.28. Gawanya kwa πd³/32 ya mduara, d ikiwa kipenyo, upate mkazo wa megapaskali 13.4 (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba). Kwa mpindo tumia 5wL⁴/384EI. Hapo I, inayopima jinsi umbo la boriti linavyokataa kupinda, ni πd⁴/64, na E ni moduli ya Young ya mti, yaani kipimo cha ugumu wake, ambayo kwa sasa tuichukue kuwa megapaskali 14,000. Jibu ni milimita 11.3.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Panua chumba kiwe mita 3.2. Mkazo unapanda hadi megapaskali 20, lakini mpindo unaruka hadi milimita 26, zaidi ya mara mbili, kwa sababu urefu umepandishwa kwa kipeo cha nne. Rudisha mita 2.6, kisha acha mchwa wale asilimia 10 ya kipenyo. Mkazo unaongezeka kwa asilimia 37 na mpindo kwa asilimia 52. Mtu aliyeona namba hizi mbili akazielewa amejifunza mengi kuliko aliyekariri sura tatu za kitabu.

Hatua ya 4: Tafuta moduli ya mti wako mwenyewe

Ile 14,000 nimeikadiria. Mkoko mmoja hutofautiana na mwingine, na mti mbichi hutofautiana na mkavu. Kwa hiyo ipime.

Nunua pau moja kwa muuzaji mwenye kibali (ukataji wa mikoko una sheria zake, usiende kujikatia). Pau ya kipenyo cha milimita 60 hivi, iliyonyooka, inafaa kuliko boriti, kwa kuwa inapinda kiasi cha kuonekana. Ilaze juu ya matofali mawili yaliyoachana mita 2. Pima kimo cha katikati kutoka sakafuni. Ning'iniza madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji katikati kabisa, karibu kilo 40 pamoja na uzito mdogo wa plastiki, ambao utaupima kwa mizani ya duka. Pima kimo tena. Toa madumu, upime mara ya tatu kuhakikisha pau imerudi ilipokuwa.

Kama pau imeshuka milimita 7.3, basi E = PL³/48Iδ (P ni uzito wa madumu kwa nyutoni, L ni zile mita 2, δ ni kiasi pau ilivyoshuka) inakupa karibu megapaskali 14,000. Mkazo wake ni kama megapaskali 9, hautaivunja pau nzima isiyo na ufa. Rudia kwa dumu moja, mawili, matatu, uchore grafu. Nukta zikilala kwenye mstari mnyoofu, Hooke yuko upande wako.

Angalia sana kipenyo. Kimepandishwa kwa kipeo cha nne, kwa hiyo kukosea milimita 1 katika 60 kunakukosesha moduli kwa karibu asilimia 7. Ndiyo maana nilitaja kalipa wala sikutaja rula ya shule. Pima pande mbili zinazokingamana, katika sehemu tano za pau, uchukue wastani.

Hatua ya 5: Sasa fungua kompyuta

Mbinu utakayotumia ni ya elementi ndogondogo: umbo linakatwa vipande vidogo vinavyoungana kwenye nodi, kila kipande kinaandikiwa mlinganyo mwepesi, kisha milinganyo yote inatatuliwa kwa pamoja kama matriki moja kubwa. Richard Courant aliandika wazo la karibu na hilo mwaka 1943. Turner, Clough, Martin na Topp wakalitumia kwa miundo ya ndege mwaka 1956, na Ray Clough akaipa mbinu jina lake mwaka 1960.

Pakua FreeCAD. Ni huria, haina malipo, na ndani yake kuna sehemu ya elementi ndogondogo inayotumia Gmsh kutengeneza wavu (huko kukata umbo vipande vidogo) na CalculiX kutatua. CalculiX iliandikwa na Guido Dhondt na Klaus Wittig wakiwa Ujerumani, na watu wanaitumia kwa kazi nzito. Ukishakuwa navyo, huhitaji intaneti tena. Kwa mtu wa Pate au Kizingitini hilo si jambo dogo. Programu za kulipia kama Ansys na Abaqus zina matoleo ya wanafunzi yaliyowekewa kikomo. Zijaribu baadaye, kwa kuwa matangazo ya kazi huzitaja.

Chora silinda ya kipenyo cha milimita 120 na urefu wa 2,600. Weka E megapaskali 14,000 na uwiano wa Poisson (kiasi kitu kinavyojibana upana kikivutwa kwa urefu) 0.3. Ncha zote mbili zizuie zisishuke wala zisiende kando, lakini upande mmoja tu ndio uzuiwe kusogea kwa urefu, tena kwa nukta moja tu, si uso mzima. Ukizuia pande zote mbili au uso mzima, ncha hazitazunguka kwa uhuru na mpindo utapungua bila sababu. Weka mzigo wa nyutoni 2.7 kwa kila milimita. Tatua.

Jambo linalowakwaza wengi ni vizio. CalculiX haijui milimita wala mita, inajua namba tu. Ukichagua milimita na nyutoni, mkazo utatoka kwa megapaskali, na ukitaka kuongeza uzito wa mti wenyewe, msongamano ndani ya faili la CalculiX lazima uandikwe kwa tani kwa milimita ya ujazo: kilo 1,000 kwa mita ya ujazo inakuwa 0.000000001. Ukiandika 1,000 hapo, boriti yako itazama hadi katikati ya dunia.

Hatua ya 6: Ishuku kompyuta

Jibu linapaswa kukaribia milimita 11.3. Likitoka 6 au 30, kosa ni lako, wala usilitafute kwenye programu.

Anza na wavu. Tatua kwa elementi za milimita 60, kisha 30, kisha 15. Jibu likiacha kubadilika, wavu unatosha. Jaribu pia elementi za nodi 4 badala ya nodi 10: utaona boriti imekuwa ngumu kuliko ilivyo. Elementi hizo za nodi 4 hazijui kupinda vizuri, na wengi wamedanganywa nazo.

Kisha masharti ya mipakani, na hapa ndipo penye utamu. Boriti ya Lamu haikulazwa tu, imezikwa ndani ya ukuta mnene wa mawe na chokaa. Ukizishika ncha zisizunguke kabisa, mpindo unashuka mara tano, hadi milimita 2.3. Ukweli uko kati ya 2.3 na 11.3, na hakuna programu itakayokuambia uko wapi. Chokaa ya ndani ya ukuta ikilainika kwa unyevu, boriti inasogea upande wa 11.3.

Halafu mti si chuma. Ugumu wake kando ya nyuzi ni mwingine, na kukata nyuzi ni mwingine tena. Kwa mbao mara nyingi moduli ya mkato (ugumu wa mti tabaka zake zinaposukumwa kuteleza) huchukuliwa kuwa sehemu moja ya kumi na sita ya E; ukiiweka hiyo, mpindo unaongezeka robo milimita tu, kwa hiyo kwa swali letu iache. Ila kujua la kuacha ni nusu ya ufundi huu.

Kubwa zaidi ni muda. Mti uliobebeshwa mzigo miaka mingi huendelea kupinda polepole. Kanuni ya Ulaya ya majengo ya mbao, Eurocode 5, inaongeza juu ya mpindo wa mzigo wa kudumu asilimia 60 kwa mbao za ndani pakavu na hadi asilimia 200 kwa mbao zilizo wazi kwa unyevu mwingi. Kwa hiyo kamba yako ikisoma milimita 25 kwenye nyumba ya babu, usikimbilie kusema hesabu imekosea. Unaona historia ya mzigo, unyevu na mti kwa pamoja, na kuzitenganisha hizo tayari ni utafiti.

Hatua ya 7: Chagua swali ambalo aliye mbali hawezi kulijibu kwa urahisi

Mtu wa Ulaya au Marekani ana kompyuta kubwa kuliko yako. Hana boriti iliyokaa karne nzima kwenye hewa ya chumvi. Hapo ndipo nguvu yako ilipo, na mimi sioni haja ya mwanafunzi wa pwani kuanza na bawa la ndege.

Maswali yapo tele. Foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, imeunganishwa kwa vipande vya miti vilivyofungwa kamba: kamba inabeba kiasi gani, msuguano kiasi gani, na foromali huvunjika wapi tanga likijaa upepo wa kusi? Mafundi wa Matondoni wana majibu yao, muulize fundi kabla ya kuiuliza kompyuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukisimikwa saruji mpya juu yake hupasuka vipi, ilhali saruji ni ngumu na chokaa ni laini? Huko Malindi, majukwaa ya chuma ya San Marco ya kurushia roketi, yaliyo baharini karibu na Ngomeni yamesimama tangu miaka ya 1960. Satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo mwaka 1967, na satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kwa ajili ya miale ya eksi ya angani, tarehe 12 Disemba 1970. Nguzo ya chuma inayoliwa na kutu inapoteza unene. Kanuni ya Euler ya kujipinda kwa nguzo iliyobanwa ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza inabaki na nguvu kiasi gani.

Chagua swali moja. Liwe dogo kiasi kwamba unaweza kulieleza kwa sentensi mbili.

Hatua ya 8: Vibali na watu

Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo pitia pia ofisi ya Makavazi ya Taifa hapo Lamu kabla ya kugusa ukuta wa mtu. Usitoboe, usikwangue, usichukue hata kipande cha chokaa bila idhini ya maandishi.

Fundi aliyekupa maarifa mtaje kwa jina kwenye shukrani, akikubali. Akiwa amekupa wazo lenyewe la utafiti, zungumzeni awe mwandishi mwenza. Na matokeo yarudi kwa mwenye nyumba, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja.

Hatua ya 9: Mtafute wa kushirikiana naye

Anza karibu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kina wahandisi, na Nairobi, Jomo Kenyatta na Dar es Salaam pia. Kwa bara zima, Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha utafiti wa mekanika ya kompyuta kiitwacho CERECAM, na mkutano wa Afrika wa mekanika ya kompyuta, AfriCOMP, ulifanyika kwa mara ya kwanza Afrika Kusini mwaka 2009. Nje ya bara, kituo cha CISM cha Udine, Italia, hufundisha kozi fupi za mekanika tangu miaka ya 1960.

Barua yako iwe fupi na ibebe kitu. Mhadhiri hupokea barua nyingi zinazosema "nina hamu kubwa na utafiti wako." Mwandikie hivi:

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, naishi Lamu. Nimepima mpindo wa boriti 12 za nyumba moja ya mawe na moduli ya pau 6 za mkoko. Mfano wangu wa CalculiX unatoa mpindo mdogo kuliko nilioupima, nami nadhani sababu ni kulegea kwa mti kwa muda mrefu pamoja na ncha zilizo ukutani. Nimeambatisha jedwali moja na mchoro mmoja. Je, kuna jambo nimelisahau? Ukiwa na dakika 20 kwa simu, nitashukuru."

Barua hiyo ina vipimo, ina dhana na ina swali. Asipojibu baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha nenda kwa mwingine. Akijibu na kazi ikaanza, kubalianeni mapema kwa maandishi nani ni mwandishi wa kwanza, data itawekwa wapi, na nani analipa nauli. Mambo haya yakiachwa hadi mwisho huvunja urafiki. Data na faili zako ziweke Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya data za utafiti, ambako zitapata namba ya kudumu, na ujisajili ORCID, inayompa kila mtafiti namba yake, ili kazi yako isichanganywe na ya mtu mwingine mwenye majina kama yako. Pwani hii akina Mohamed Ali ni wengi.

Jihadhari na majarida yanayokuandikia yenyewe yakikuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa ada. Muulize mhadhiri wako kabla ya kulipa hata shilingi.

Hatua ya 10: Kazi na mkate

Kuna njia tatu za kawaida. Ya utafiti hupitia uzamili na uzamivu. DAAD ya Ujerumani, Jumuiya ya Madola, Erasmus Mundus na MEXT ya Japani hutoa ufadhili, na kazi uliyoifanya mwenyewe husaidia kuuomba. Faili lako la boriti litafaa sana hapo. Ya pili ni uhandisi wa nyumbani: bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, ina kreni, magati na chuma kinachokaa kwenye maji ya chumvi, na vyote vinahitaji watu wanaoelewa uchovu wa chuma (kuchoka kwake kwa mizigo ya kurudiarudia) na kutu. Ya tatu ni kufanyia kampuni za mbali uchambuzi ukiwa nyumbani. Hiyo inawezekana, lakini ni nadra kwa anayeanza, kwa kuwa mteja hulipa uzoefu. Miaka miwili mitatu ofisini chini ya mhandisi mzoefu huifungua njia hiyo zaidi kuliko cheti chochote cha mtandaoni.

Kuna mpaka mmoja usiuvuke. Kwa Sheria ya Wahandisi ya 2011, anayefanya kazi ya uhandisi Kenya lazima asajiliwe na Bodi ya Wahandisi, na mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi hadi afikie daraja la mtaalamu. Kwa hiyo jirani akija na kusema, "Mwanangu, si wewe unayejua hesabu za dari? Hebu niambie nikiongeza ghorofa itabeba?", mpigie hesabu umwonyeshe, kisha mpeleke kwa mhandisi aliyesajiliwa kabla ya jiwe la kwanza kupandishwa. Nenda naye, ubebe vipimo vyako. Mhandisi huyo anaweza kuwa ndiye utakayefanya mafunzo yako chini yake.